Wakili, Sheria Unayoisoma ni ya Lini?

Hadi Novemba 2023, aliyeshindwa shauri la madai katika Mahakama Kuu ya Tanzania na kutaka kwenda Mahakama ya Rufani, mara nyingi alikuwa na kibarua kimoja kabla ya rufaa yenyewe. Ilimbidi aombe ruhusa ya kukata rufaa. Wakili aliandaa maombi na hati ya kiapo, upande wa pili ukajibu, jaji akasikiliza, na ndipo ikajulikana kama kuna njia. Akinyimwa, alikwenda kuomba upya Mahakama ya Rufani.

Tarehe 1 Desemba 2023 sharti hilo likafutwa. Lilifutwa na Sheria Na. 11 ya mwaka huo, iliyorekebisha sheria kadhaa za sekta ya sheria, ikiwemo Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141. Mwezi haujaisha, Mahakama ya Rufani yenyewe ikatamka kwamba ruhusa haihitajiki tena. Maombi yaliyokuwa yakisubiri zamu yakawa yamepitwa na wakati.

Wakili aliyeyasikia hayo wiki ile alimwokolea mteja wake miezi na fedha. Ambaye hakusikia aliendelea kuandika maombi ya kitu ambacho hakipo, huku siku za rufaa zikihesabika. Ila wa kuhurumiwa zaidi ni aliyesikia nusu. Huyo aliondoka na habari kwamba "mambo ya vibali yamekwisha", asijue kwamba marekebisho hayo hayakugusa mashauri yaliyoanzia mahakama ya mwanzo. Huko bado ilitakiwa hati ya Mahakama Kuu kuthibitisha kwamba kuna hoja ya kisheria ya kuamuliwa. Rufaa iliyokosa hati hiyo haikuwa na miguu ya kusimamia.

Mahakamani mawakili huitana wasomi: "msomi mwenzangu amesema hivi," "wakili msomi ameomba vile." Ni heshima ya kazi, na ni heshima inayodaiwa upya kila juma, kwa sababu kinachosomwa hakitulii. Bunge linarekebisha, waziri anatunga kanuni, Jaji Mkuu anatoa kanuni za uendeshaji, jopo la majaji linageuza msimamo uliokuwepo. Wakili akipitwa, anayelipa ni mteja. Mahakama zetu zimerudia mara nyingi kwamba uzembe wa wakili si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda, na kwamba anayeomba muda lazima aeleze kila siku aliyochelewa. "Sikujua kanuni imebadilika" ni maelezo ambayo hayajawahi kumfikisha mtu mbali.

Chanzo cha kwanza cha habari hizi ni Gazeti la Serikali, ambalo hutoka Ijumaa. Tanzania Bara, sheria huanza kutumika siku inapochapishwa humo, isipokuwa kama sheria yenyewe au nyingine imetaja siku tofauti. Kenya, Ibara ya 116 ya Katiba inasema sheria huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, kama haikutaja tarehe yake. Kwa hiyo picha ya rais akitia saini, inayosambaa kwenye simu ndani ya dakika, haimwambii wakili jambo analolihitaji kuliko yote: tarehe ya kuanza.

Zinazopita kimyakimya zaidi ni kanuni. Muswada una wasemaji bungeni, wapinzani na vichwa vya habari. Kanuni za waziri hutoka kama Tangazo la Serikali lenye namba na mwaka, mara nyingi bila mjadala wowote, na zinaweza kubadili ada, fomu, muda au adhabu. Kenya walijaribu kuzitia breki kwa sheria yao ya mwaka 2013 kuhusu sheria ndogo. Waziri asipoiwasilisha kanuni bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, inakoma kuwa na nguvu, na hata iliyo halali iliwekewa kikomo cha miaka kumi isipoongezewa. Wakili wa Nairobi, basi, haulizi tu kama kanuni ipo. Anauliza iliwasilishwa lini na ina umri gani.

Kanuni za uendeshaji mashauri zinaweza kurefusha hata siku yenyewe. Zamani siku ya wakili iliisha karani alipofunga masjala. Kanuni za Tanzania za usajili wa mashauri kwa njia ya kielektroniki, Tangazo la Serikali Na. 148 la 2018, zikasema waraka uliotumwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku unahesabiwa kuwa umewasilishwa siku hiyo. Kwa anayekimbizana na siku ya mwisho, hizo saa za jioni ni dhahabu. Likazuka swali: siku ya kufungua shauri ni ile ya kutuma kwenye mfumo au ya kulipa ada? Majaji hawakujibu kwa sauti moja, na aliyetuma leo akalipa keshokutwa akajikuta anajibu pingamizi la awali.

Upande wa hukumu, hali imeboreka kuliko wengi walivyotarajia. Kwa miaka mingi juzuu za maamuzi ya Tanzania zilichapishwa kwa kuchelewa sana, na mawakili waliishi kwa nakala za fotokopi. Hukumu nzito ya Mahakama ya Rufani ilipita mkono hadi mkono, na kwenye orodha ya rejea ikaandikwa kuwa "haijachapishwa". Mwenye rafiki masjala alikuwa na maktaba bora kuliko mwenye shahada mbili.

Siku hizi Mahakama ya Tanzania huweka maamuzi yake kwenye tovuti ya TanzLII, bure, kwa wakili wa Masaki na wa Sumbawanga vilevile. Namna ya kuitaja hukumu nayo imebadilika. Badala ya jina la kitabu na ukurasa, unaandika mwaka katika mabano ya mraba, herufi za mahakama, kama TZCA kwa Mahakama ya Rufani au TZHC kwa Mahakama Kuu, kisha namba ya uamuzi na tarehe yake. Kenya nao wana Kenya Law, iliyo chini ya Baraza la Taifa la Utoaji wa Taarifa za Sheria lililoundwa kwa sheria ya 1994, ambayo huchapisha hukumu na sheria kwa pamoja.

Urahisi huo umekuja na kazi yake. Ukitafuta neno moja unaletewa hukumu mia, na mbili kati ya hizo zinapingana. Mahakama ya Rufani imekwishaeleza kwamba maamuzi yake yakigongana, utaratibu mzuri ni kufuata ule wa karibuni, ila kama kuna sababu ya kutoufuata. Hivyo kuipata hukumu inayokupendeza ni mwanzo tu wa kazi. Sehemu ya pili ni kuhakikisha hakuna iliyokuja baadaye ikaipindua.

Kisha kuna toleo la sheria. Kwa zaidi ya miongo miwili toleo kamili la rejea lilikuwa la 2002, na mabaka ya marekebisho yakiongezeka kila mwaka. Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Toleo la 2023 jijini Dodoma. Ni nafuu kubwa, maana sheria na marekebisho yake sasa vinakaa pamoja. Lakini vifungu vilivyochomekwa kwa herufi, mfano wa 3A na 3B vya Sura ya 141 vilivyoingizwa 2018, vikipewa namba kamili, vya nyuma yake vyote husogea. Kifungu ambacho wakili amekitaja kwa miaka kumi bila kufungua kitabu kinaweza kuwa leo kinazungumzia jambo jingine kabisa. Kukariri namba, kulikokuwa jambo la kujivunia, kumegeuka mtego.

Anayedhani mageuzi haya huja taratibu autazame mwaka 2024 wa wenzetu Kenya. Juni, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alikataa kutia saini Muswada wa Fedha wa 2024. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na waliobaki na Sheria ya Fedha ya 2023 walijiona salama. Tarehe 31 Julai Mahakama ya Rufani ikaibatilisha sheria hiyo ya 2023 yote. Tarehe 20 Agosti Mahakama ya Juu ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na 29 Oktoba ikautengua. Mshauri wa kodi aliyeandikia kampuni barua Agosti 10 na mwenzake aliyeandika Agosti 25 walitoa majibu tofauti, na wote wawili walikuwa sahihi kwa siku zao. Barua isiyo na tarehe ingekuwa hatari.

Wapo wanaodhani akili bandia itamaliza tatizo. Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizobuniwa na programu ya ChatGPT katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Kila rejea inayoletwa na mashine lazima ifunguliwe kwenye chanzo chake na kusomwa. Asiyekuwa na muda huo asiitumie.

Dawa yenyewe ni nidhamu zaidi ya teknolojia. Ofisi yenye mawakili watatu inaweza kugawana zamu: mmoja apitie Gazeti la Serikali kila Ijumaa, mwingine maamuzi mapya ya Mahakama ya Rufani, wa tatu miswada iliyoko bungeni, kisha Jumatatu wapeane muhtasari wa nusu saa. Anayefanya kazi peke yake, kama walivyo wengi mikoani, anahitaji chama chake na mahakama vimsaidie. Serikali nayo ina deni: kila toleo la Gazeti, na kila Tangazo lililomo, lipatikane mtandaoni bure siku ileile linapotoka. Si haki kumfunga mtu kwa kanuni ambayo wakili wake hakuwa na pa kuisoma.

Nawe msomaji, ukienda kwa wakili una haki ya kumuuliza maswali mawili kabla ya kutoa fedha: kifungu hiki kimesomwa kwenye toleo la mwaka gani, na hukumu hii bado inasimama? Wakili mzuri hatachukia. Atageuza kompyuta yake akuonyeshe. Akikasirika, tafuta mwingine.