Thamani ya Nukta: Mechi ya Siku Nne katika Kiwanja cha Tamasha cha Cheltenham

Miongoni mwa michezo iliyoenezwa na Waingereza duniani, ni michache inayowashangaza wageni kama kriketi ya kaunti, ambamo timu mbili hukutana kwa siku nne mfululizo, tangu saa tano asubuhi hadi jioni, na bado zikaweza kuachana bila mshindi. Mtu aliyezoea soka, ambayo dakika 90 humtosha kupata hukumu, huona hapo muda unaopotea bure, ilhali kwa yule aliyejifunza kuufuatilia mchezo huo, muda wenyewe ndio unaogombewa. Jambo hili huonekana waziwazi katika viwanja vichache viitwavyo viwanja vya tamasha, ambavyo timu ya kaunti huvihamia kwa wiki moja au mbili kila kiangazi, na mfano wake mashuhuri ni kile cha Cheltenham, magharibi mwa Uingereza.

Kaunti, katika maana ya mchezo huu, ni jimbo la kale ambalo jina lake limebaki kuwa jina la klabu. Klabu 18 za namna hiyo hushiriki ubingwa wa kaunti, mashindano yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1890 na ambayo sasa huchezwa katika madaraja mawili. Gloucestershire, kaunti ambayo Cheltenham umo ndani yake, ilikuwa miongoni mwa timu bora kabisa katika miaka ya 1870, lakini tangu ubingwa uwe rasmi haijapata kuutwaa. Makao yake makuu yako mjini Bristol, na ndiko mechi zake nyingi za nyumbani huchezwa. Kwenda Cheltenham, kwa hiyo, ni kuupeleka mchezo kwa watu badala ya kungoja watu waje kuutafuta.

Tamasha la Cheltenham lilianza mwaka 1872, pale James Lillywhite, aliyekuwa mkufunzi wa kriketi katika Cheltenham College, shule iliyofunguliwa mwaka 1841, alipoandaa mechi ya kaunti katika uwanja wa shule hiyo. Mpango huo haujabadilika sana hadi leo, kwani uwanja bado ni mali ya shule, na timu ya kaunti huutumia wanafunzi wanapokuwa likizo. Hakuna majukwaa ya kudumu yanayouzunguka: mahema meupe husimamishwa, viti hupangwa kwa safu, na jengo la michezo la wanafunzi lililojengwa mwaka 1864, lenye minara miwili, hugeuka kuwa jengo la wachezaji. Upande mmoja wa kiwanja limesimama kanisa la shule, na nyuma ya miti huonekana vilima vya Cotswold. Tamasha likiisha, mahema hung'olewa, na mahali palipokuwa na maelfu ya watazamaji hurudi kuwa uwanja wa shule.

Ili kufuatilia mechi, mtazamaji anahitaji kujua mambo machache ya msingi. Kila timu ina wachezaji 11, na katikati ya kiwanja cha nyasi upo ukanda uliokatwa nyasi fupi kabisa na kushindiliwa, wenye urefu wa mita 20 na kidogo. Katika kila mwisho wa ukanda huo husimikwa vijiti vitatu vinavyoitwa wiketi. Mrushaji hukimbia na kuuachia mpira kwa mkono ulionyooka, akikusudia kuvipiga vijiti hivyo au kumlazimisha mpigaji akosee. Mpigaji naye hulinda vijiti kwa gongo bapa la mbao, na akiupiga mpira mbali hukimbia pamoja na mwenzake, wakibadilishana ncha za ukanda, na kila kubadilishana huhesabiwa kuwa mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa kiwanja kwa kubingiria, mikimbio minne hupatikana papo hapo, na ukivuka bila kugusa chini hupatikana sita. Mpigaji akitolewa husemwa kwamba wiketi imeanguka, na timu ikipoteza wiketi kumi, zamu yake ya kupiga, ambayo hapa itaitwa ngwe, huwa imekwisha. Katika mechi ya siku nne kila timu ina haki ya ngwe mbili.

Mipira sita ya mrushaji mmoja huitwa ova, na siku moja ya ubingwa wa kaunti hupangiwa ova 96, ikiwa mvua haikuingilia. Kwa hesabu hiyo, mechi nzima inaweza kufikia mipira 2,304, na mingi kati ya hiyo haizai kitu chochote kinachoonekana. Hapa ndipo kalamu za watazamaji zinapofaa, kwa kuwa katika viwanja vya tamasha wako wengi, hasa wazee, wanaoandika wenyewe daftari la matokeo lenye visanduku vidogo vya kila ova. Mkimbio huandikwa kwa tarakimu, wiketi kwa herufi, na mpira usiozaa kitu huandikwa kwa nukta. Ova ikipita bila mkimbio, nukta zake sita, zilizopangwa tatu juu na tatu chini, huunganishwa kwa mistari na kufanya herufi M. Ikiwa ndani yake imeanguka wiketi, mistari hiyo huchorwa ili itokee W. Mtu akilitazama daftari la namna hiyo kwa macho ya haraka ataona ukurasa uliojaa vidoa, lakini mwandishi wake anasoma humo nani alibanwa, kwa muda gani, na subira yake ilikatika wapi.

Kinachozipa nukta hizo uzito ni mabadiliko yanayotokea polepole katika vitu viwili, mpira na ardhi. Mpira wa mechi hizi ni mwekundu, una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, moyo wake ni kizibo kilichozungushiwa uzi, na ngozi inayoufunika imeunganishwa kwa mshono ulioinuka kama mbavu. Ukiwa mpya huruka kwa nguvu na kukata hewa upande mmoja, hasa asubuhi yenye mawingu, ndiyo maana wapigaji wa kwanza hukubali kucheza nusu saa nzima bila kupata mikimbio ya maana. Baadaye ngozi huchakaa, na wachezaji husugua upande mmoja kwenye suruali zao ili ubaki unang'aa, huku upande wa pili ukiachwa uparuze, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo inayoupindisha mpira hewani. Ova 80 zikitimia, nahodha wa timu inayorusha anaweza kudai mpira mpya, na mtazamaji mzoefu huanza kuihesabu saa hiyo mapema, kama msafiri anayejua treni itafika lini.

Ardhi nayo huzeeka. Ukanda ulio na unyevunyevu siku ya kwanza hukauka siku ya pili, na hapo kupiga huwa rahisi kuliko wakati mwingine wowote. Siku ya tatu na ya nne nyufa huanza kujitokeza, na alama zilizochimbwa na viatu vya warushaji hugeuka mitego. Huo ndio wakati wa mrushaji wa mpira wa kuzunguka, ambaye haendi kwa kasi bali huusokota mpira kwa vidole au kifundo cha mkono ili ukigusa chini ubadilishe njia. Kwa sababu hiyo, nahodha anayeshinda kura na kuamua timu yake ianze kupiga au kurusha huwa anakisia hali ya udongo itakavyokuwa siku tatu baadaye, na wala si hali ya asubuhi hiyo peke yake.

Juu ya mpira na ardhi kuna hesabu ya saa. Ili timu ishinde, haitoshi kuwa na mikimbio mingi. Ni lazima ngwe za wapinzani ziwe zimemalizika kabla siku ya nne haijaisha, vinginevyo matokeo ni sare, hata kama imewazidi kwa mamia. Kwa hiyo nahodha aliye mbele anaweza kuifunga ngwe yake kabla wiketi kumi hazijaanguka, akijinyima mikimbio ili ajinunulie muda, na timu iliyoachwa nyuma kwa mikimbio 150 au zaidi baada ya ngwe ya kwanza inaweza kulazimishwa kupiga tena papo hapo. Ushindi huleta pointi 16, na pointi nyingine za ziada hutolewa kwa mikimbio na wiketi zinazopatikana katika ova 110 za mwanzo za ngwe ya kwanza ya kila timu, ndiyo sababu makofi hupigwa ghafla kwa tukio ambalo mgeni hakuona ndani yake jambo lolote.

Cheltenham umeshuhudia pande zote mbili za mchezo huu, utulivu na mlipuko. Mwezi Agosti mwaka 1876, W. G. Grace, ambaye baadaye alifuzu udaktari, alifunga mikimbio 344 mjini Canterbury, kisha 177 mjini Bristol dhidi ya Nottinghamshire, kisha akaja Cheltenham na kufunga 318 dhidi ya Yorkshire bila kutolewa. Yote hayo yalitokea ndani ya siku nane. Mwaka 1928, katika tamasha hilohilo, Walter Hammond alifunga zaidi ya mikimbio 100 katika kila ngwe dhidi ya Surrey na kudaka mipira kumi katika mechi moja, idadi iliyoweka rekodi kwa mdakaji asiye mlinzi wa wiketi, yaani yule anayesimama nyuma ya vijiti, na katika mechi iliyofuata dhidi ya Worcestershire alitoa wapigaji 15, tisa kati yao katika ngwe ya kwanza kwa gharama ya mikimbio 23 tu. Simulizi za namna hii husimuliwa na kurudiwa kwenye safu za viti mchezo unapokuwa mtulivu, kwa kuwa mechi ya siku nne huacha nafasi ya mazungumzo, kama vile bao linavyowaachia wanaolizunguka nafasi ya kubishana kuhusu kete zilizochezwa jana. Saa saba mchana wachezaji huenda kula kwa dakika 40, na saa tisa na dakika 40 alasiri huenda kunywa chai.

Matamasha mengine yana alama zake. La Canterbury, katika kaunti ya Kent, lilianza mwaka 1842, na kwa miaka mingi kiwanja chake kilikuwa na mti mkubwa ulioota ndani ya mpaka, ambao ukiguswa na mpira ulimpa mpigaji mikimbio minne, hadi upepo ulipouangusha mwaka 2005. La Scarborough, kando ya bahari ya kaskazini, lilianza mwaka 1876.

Afrika Mashariki nayo si mgeni kabisa katika ulimwengu huu wa kaunti. Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi, aliichezea Nottinghamshire kwa karibu miaka 20 tangu mwaka 1966, na timu ya pamoja iliyoitwa Afrika Mashariki ilicheza nchini Uingereza katika Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975. Mwaka 2003, Collins Obuya, aliyeishangaza Sri Lanka mjini Nairobi kwa kutoa wapigaji watano kwa mikimbio 24, katika Kombe la Dunia ambalo Kenya ilifika nusu fainali, alichukuliwa na kaunti ya Warwickshire. Alikuwa mrushaji wa mpira wa kuzunguka, yaani fundi wa ile siku ya nne yenye nyufa.

Viwanja vya tamasha, hata hivyo, vimepungua. Kusimamisha mahema na viti kwa siku chache ni gharama kubwa kuliko kubaki makao makuu. Tangu mwaka 1993 mechi zote za ubingwa zimekuwa za siku nne, ingawa kwa idadi zimepungua. Nayo kriketi fupi ya ova 20, iliyoanzishwa katika kaunti mwaka 2003, pamoja na ile ya mipira 100 iliyoanza mwaka 2021, zimechukua sehemu nzuri ya kiangazi. Hizo zina haki yake, kwa maana huvuta vijana na fedha, lakini ndani yake nukta ni hasara tupu kwa mpigaji, kwa kuwa kila mpira usiozaa kitu ni nafasi iliyopotea.

Katika mechi ya siku nne, nukta hubadilika thamani. Lugha ya Kiswahili ina bahati hapa, kwa kuwa neno hilo hutaja doa la kalamu na vilevile sehemu ndogo ya dakika, na katika kriketi ya kaunti maana hizo mbili hukutana kwenye kisanduku kimoja cha daftari. Asubuhi ya siku ya kwanza nukta ni mpira ambao hakuna aliyeujali. Jioni ya siku ya nne, timu ikiwa imepoteza wiketi tisa na haina tena tumaini la kushinda, mpigaji wake wa mwisho, ambaye kazi yake halisi ni kurusha, husimama amezungukwa na wadakaji walioinama hatua chache kutoka kwake, akauzuia mpira ukafia miguuni pake. Hakuna mkimbio uliopatikana na hakuna aliyetolewa, lakini kiwanja kizima hupiga makofi, na kalamu za wazee hushuka kwa pamoja kuandika nukta nyingine.