Uyoga Kwenye Tawi la Mti Mkongwe

Mvua zinaporejea mwezi wa Septemba, raia wengi wa Gitega na Muyinga hujikinga chini ya miti mikubwa ya kando ya barabara na masoko. Miongoni mwa miti mikongwe ya nchi yetu imo mivumu iliyopandwa palipokuwa makazi ya wafalme, nayo haifai kutazamwa kama kuni. Lakini mti ukizeeka matawi yake huoza, na tawi bovu laweza kuanguka hata siku isiyo na upepo.

Dalili iliyo wazi ni uyoga mgumu ulioshikamana na tawi mfano wa kisahani. Auonaye na aelewe kwamba huo ni tunda tu la kuvu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizokwisha kuula mti kwa ndani, pengine kwa miaka mingi. Kwa hiyo kuukwangua uyoga hakuponyi kitu. Wako wanaojaza tundu kwa saruji au kupaka kidonda lami. Hatuwashauri kufanya hivyo, kwani unyevu hubaki ndani, na unyevu ndio chakula cha uozo. Kuvu huingilia kwenye kidonda: tawi lililovunjika, gome lililochubuliwa, au mkato mbaya wa panga.

Tawi bovu likatwe kwa msumeno, wakati wa kiangazi. Kwanza likatwe kidogo kwa chini, mbali na shina, ili lisichane gome likianguka. Kisha likatwe kwa juu, mbele kidogo ya hapo. Kisiki kinachobaki kiondolewe nje tu ya uvimbe unaozunguka maungio ya tawi na shina. Uvimbe huo usiguswe, maana mti hauponi kama ngozi ya mtu: hukizungushia kidonda ukuta, na ukuta huanzia hapo.

Ikiwa mti uko karibu na barabara au nyaya za REGIDESO, tunaomba mkuu wa kilima na kituo cha polisi wajulishwe kabla ya kukata, ili tufunge njia na umeme uzimwe. Uyoga ukiota chini ya shina au kwenye mizizi, hilo si la msumeno wa nyumbani. Aitwe mtaalamu wa misitu. Hadi atakapofika, wauzaji wahamishe meza zao, na pikipiki zisiegeshwe chini ya mti huo.