"Eneo la Wazi" Si Eneo Tupu

Mfasiri anayetafsiri habari za miti, ndege na utulivu wa moyo wa wakazi wa mijini hukutana mara kwa mara na istilahi iliyozoeleka maofisini, yaani "eneo la wazi". Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa nini istilahi hiyo haitoshi, na kupendekeza nyingine.

Neno "wazi" lina maana zaidi ya moja. Mlango ulio wazi haukufungwa, lakini nafasi ya kazi iliyo wazi haina mtu, nayo inangoja wa kuijaza. Kwa hiyo msomaji akiona "eneo la wazi" kwenye ramani ya mji, ni rahisi kudhani kwamba hapo hapana kitu wala mwenyewe. Bustani hugeuka kiwanja katika fikra kabla haijageuka kiwanja katika hati.

Mfano wa Nairobi unafaa kutafakariwa. Katika miaka ya 1990 sehemu za Karura zilikwisha gawiwa wajenzi. Tarehe 8 Januari, 1999, Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti huko. Leo Karura ni msitu wenye njia za kutembelea, kima na mbega. Ni dhahiri kwamba watu, wala si istilahi, ndio waliouokoa. Hata hivyo, neno "msitu" lilitaja kilichokuwapo. Waliolitetea eneo hilo hawakulazimika kueleza kwanza kwamba halikuwa tupu.

Istilahi "eneo la kijani" imepata kulaumiwa kuwa ni tafsiri sisisi. Lakini tukumbuke kwamba "kijani" limetokana na "jani". Kwa hiyo mimea imo ndani ya neno lenyewe. Lililopungua ni mwenyewe, na upungufu huo huondolewa kwa kuongeza "la umma".

Upande wa hisia, lugha yetu si maskini. Watu husema wanakwenda kupunga upepo, na ya kuwa moyo umepoa. "Kuburudika" kumetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ubaridi, asili moja na "baridi". Siku hizi "burudani" imeelekea zaidi kwenye muziki na michezo, lakini "burudiko" lingali linabeba maana ya faraja. Utafiti nao unaliunga mkono wazo hili. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliotazama miti dirishani walilazwa kwa siku chache zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache, kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Mwisho, "wanyamapori" ni neno la kisheria, nalo libaki huko. Lakini popo wa mwembeni na ndege wa bustanini hawakai porini.

Basi tunapendekeza yafuatayo:

(a) eneo la kijani la umma: jina la jumla la mahali penye mimea mjini panapotumiwa na wote;
(b) bustani, msitu wa mjini, uwanja: aina zake, zitajwe kila inapowezekana;
(c) eneo la wazi: litumike tu pale ambapo matumizi yake yametajwa, kwa mfano "eneo la wazi la michezo";
(d) burudiko la moyo: kwa maandishi ya kawaida; "ustawi wa hisia" kwa maandishi ya kitaalamu;
(e) wanyama wasiofugwa: kwa viumbe wanaoishi mjini bila ya kufugwa.

Mwalimu anaweza kuanza kwa kuwauliza wanafunzi wake mti wa shuleni unaitwaje. Mtumishi wa serikali naye, kabla ya kuandika "wazi", na aende kwanza akatazame ni nani anayekaa kivulini hapo.