Mlango wa Kabati Ukikwama

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeiimba tangu shule ya msingi, lakini mimi niliielewa hasa kwa sababu ya kabati la mandazi la mama yangu.

Mpenzi msomaji, bila shaka unalijua kabati la aina hii. Ukipita Kondele asubuhi au ukienda Kibuye siku ya Jumapili, utayaona kandokando ya njia. Mbele ni kioo, na nyuma ni milango miwili ya plaiwudi inayosukumwa kando, mmoja ukipita mgongoni mwa mwenzake. Mama huuza mandazi na samosa, na karo yangu hutoka humo humo.

Mwaka jana mwezi wa Aprili, mvua ilipopamba moto, milango ilikwama. Mama alichoka kuvutana nayo akawa anaiacha wazi. Nzi wakaingia, na jioni wale wadudu wadogo wa ziwani wakafuata taa. Wateja nao wana macho. Wakaanza kupita moja kwa moja. Isitoshe, bwana afya angetukuta hivyo, angetufungia. Fundi mmoja aliitwa, akapiga randa upande wa juu wa milango, akalipwa, akaenda zake. Januari, jua lilipokuwa kali, mlango mmoja ukawa unachomoka na kuanguka. Ndipo nikaamua kuchunguza mwenyewe kosa liko wapi.

Kabati lina mifereji miwili chini na miwili juu. Siri ni kwamba mfereji wa juu huchimbwa kina maradufu ya ule wa chini, tuseme milimita 12 juu na 6 chini. Kwa hiyo mlango hutolewa bila kung'oa hata msumari mmoja. Anza na ule ulio karibu nawe. Uinue mpaka uzame juu. Ukingo wa chini utatoka mferejini, uuvute kwako, kisha uushushe. Kuurudisha ni kinyume: juu kwanza, chini baadaye. Basi ukipunguza kimo cha mlango, sehemu inayoshikwa juu hupungua, nao huanguka. Fundi wetu alikata pasipostahili!

Kwani ugonjwa ulikuwa wapi? Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa, kila moja ikikingama mwenzake. Ikilowa hairefuki sana, bali hunenepa. Mandazi yakifungiwa yangali moto, mvuke huongeza unyevu, na sukari na unga hujaa mferejini.

Kabla hujashika kifaa chochote, usukume mlango polepole. Ukikwama kila mahali, sababu ni uchafu au unene. Ukikwama katikati tu, tazama ubao wa juu: huenda umepinda kwa kubebeshwa mzigo. Sisi tulikuwa tukiweka mtungi wa maji juu yake! Uondoe mzigo huo kwanza.

Tiba yenyewe ni hii. Toa milango, kwangua mifereji kwa kijiti, kisha uipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Acha kila kitu kikauke siku mbili tatu kivulini. Halafu piga msasa ubavuni, pale tu panapoingia mferejini, ukijaribu mara kwa mara. Paka vanishi kingo zilizokatwa, kwa maana ndizo zinazokunywa maji zaidi. Vanishi ikikauka kabisa, sugua mshumaa ndani ya mifereji. Usitumie mafuta ya kupikia. Yananasa vumbi na unga, na baada ya wiki utarudi palepale. Mlango uliokwisha kukatwa mfupi hauponi kwa msasa. Wetu ilinibidi niugundishie kijiti chembamba juu ili urudi kimo chake.

Baada ya hapo ni utunzaji tu: fagia mifereji kila jioni, sugua mshumaa kila mwezi, na acha mandazi yapoe kidogo kabla ya kuyafungia.

Sasa mama anafungua kabati kwa kidole kimoja, na wateja wamerudi. Sisemi karo imekwisha, lakini muhula huu sijarudishwa nyumbani hata siku moja. Wenzangu, kabla ya kukata kitu, tujue kwanza kinafanyaje kazi. Randa haina dawa ya majuto.