In Medias Res: Mlango wa Kuingilia Kisa

Kirai cha Kilatini in medias res kimepokelewa na lugha nyingi bila kutafsiriwa. Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili aghalabu hufasiriwa kuwa "katikati ya mambo", kisha kikachukuliwa kuwa jina jingine la mbinu rejeshi. Fasiri hiyo ina upungufu. Hilo la pili ni kosa.

Kirai hiki kinatokana na Horace, mshairi wa Roma aliyeishi kati ya mwaka 65 na 8 K.K. Katika Ars Poetica anamsifu Homer kwa kuwa haanzi habari za Vita vya Troy na yai alimototolewa Helen, bali humtosa msikilizaji katikati ya matukio kana kwamba anayajua tayari. (Na wasikilizaji wa Homer, kwa hakika, waliyajua.) Sarufi yenyewe inaashiria mwendo: si kuwa katikati, bali kuingia katikati. Kilatini huonyesha tofauti hiyo kwa kubadili miisho ya maneno. Kiswahili humwachia kitenzi kazi hiyo, kwani "nyumbani" ni ile ile kwa aliyekaa na kwa aliyekwenda. Kwa hiyo fasiri isiyotaja kuingia imeacha nusu ya maana.

In medias res ni suala la pahali pa kuanzia. Mbinu rejeshi ni njia mojawapo tu ya kuyafikia yaliyotangulia. Kisa cha Odyssey kinapoanza, Odysseus tayari amezuiliwa kisiwani mwa Calypso, na masaibu yake ya awali anayasimulia mwenyewe katika vitabu vya 9 hadi 12. Hapo mbinu zote mbili zimekutana, na pengine ndipo mkanganyiko ulipozaliwa. Ila tamthilia ya Sophocles, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa jina Mfalme Edipode, inafunguka tauni ikiwa imekwisha kuingia Thebes. Yaliyopita hufichuka kwa maswali na majibu. Hakuna onyesho hata moja linalorudi nyuma. Kinyume chake, riwaya yaweza kuanza na kuzaliwa kwa mhusika na bado ikawa na kumbukumbu rejeshi hapa na pale.

Vipi basi tenzi zetu, ambazo nyingi huanza kwa kumtaja Mungu na kuagiza wino na karatasi? Dibaji hiyo haihesabiwi. Homer naye huanza kwa kumwomba mungu wa kike wa ushairi. Mhakiki na aliangalie tukio la kwanza la kisa chenyewe, aone kama mgogoro ndio kwanza unachipuka au umekwisha kupamba moto.