Kingo za Mawe, Maji Yenye Njaa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi mto unavyobomoa ukingo mmoja huku ukijenga wa pili. Leo tuangalie kinachotokea mtu akiuzuia kwa zege na mawe.

Nachukua Digodigo, wilayani Ngorongoro, kwa kuwa Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wameishi kwa kilimo cha umwagiliaji tangu enzi za mababu. Mwanaanthropolojia Robert Gray, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alieleza jinsi baraza la wazee, wenamiji, lilivyotawala zamu za maji, na jinsi asiye na zamu alivyoweza kuipata kwa kutoa mbuzi. Mifereji ilikuwa ya udongo. Mhandisi wa leo atauita mfereji wa namna hiyo dhaifu. Kwangu ni mapatano: mto ukihama kidogo, watu wanaufuata kwa majembe.

Mahali kama hapo, mradi wa kuimarisha kingo huanza na katapila. Lazima lipate njia, basi mikuyu na migunga ya kando ya mto huangushwa, matete yakafukiwa, ilhali mizizi hiyo ndiyo iliyokuwa imeushika udongo. Kisha hupangwa gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, au humwagwa zege. Maji yasiyokutana na mizizi wala visiki huongeza kasi, na kwa kuwa ukingo hauyapi tena udongo wa kubeba, huteremka yakiwa na njaa. Ukuta unapoishia, hapo ndipo yanapoanza kula: huchimba kitako cha mto na kuangusha ukingo wa jirani. Kitako kikizama, mdomo wa mfereji wa udongo hubaki juu, maji hayaingii. Maji ya chini ya ardhi nayo hushuka, na miti iliyonusurika hukauka polepole. Hivyo ukuta wa kulinda shamba moja unaweza kuyanyima maji mashamba kumi. Tena lile genge la udongo lililosimama wima, ambalo mradi hulihesabu kuwa uharibifu, ndimo keremkerem na mdiria wanamochimba mashimo ya kutagia.

Marekani walijifunza kwa gharama, ingawa kwa kazi kubwa kuliko gabioni. Huko Florida, kati ya 1962 na 1971, mto Kissimmee ulinyooshwa kuzuia mafuriko. Kilomita 166 za kujipinda zikawa mfereji wa kilomita 90. Ndege wa majini wakapungua mno. Mwaka 1999 ikaanza kazi ya kufukia sehemu ya mfereji huo ili mto urudie mapindo yake, na ujenzi ukakamilika 2021.

Sisemi mawe yapigwe marufuku. Nguzo ya daraja inahitaji kinga. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ajabu ni kwamba tunaikumbuka zaidi tukimfukuza mkulima wa mchicha kuliko tunapolikaribisha katapila.

Toleo lijalo: matete, nyasi za vetiva na vigingi vya miti hai, na mahali vinaposhindwa.