Macho Hayatoshi Kuhukumu Ua

Barabara itokayo Mbalizi kupanda Umalila huingia katika nchi ya baridi ambako pareto hustawi. Ua la pareto lina petali nyeupe na kitovu cha manjano. Katika maonyesho ya maua, mwamuzi angetazama umbo, rangi na ukubwa, kisha akatoa alama. Kwa pareto, alama hizo zingempotosha. Thamani ya ua hili ni pairethrini, yaani sumu iuayo wadudu, ambayo sehemu yake kubwa imo katika vijitunda vidogo vya kitovu. Jicho haliioni, hupimwa katika maabara.

Tena, chavua ya mmea wa pareto kwa kawaida hairutubishi maua ya mmea huohuo. Kwa hiyo kila mbegu ina wazazi wawili, na miche ya ua moja hutofautiana. Mgunduzi wa mbegu huchagua miche michache iliyo bora, akaigawa mashina na kuyapanda ili kuilinganisha.

Je, mgunduzi huyo anafaa kuwa mwamuzi? Kwa ujuzi, anafaa kuliko wengi. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Hapana budi afunzwe mambo manne. Kwanza, kuchuma maua yaliyofikia hatua moja ya kuchanua, kwa kuwa kiasi cha pairethrini hubadilika kadiri ua linavyofunguka. Pili, kupima sampuli zenye namba badala ya majina. Tatu, kurudia majaribio mahali mbalimbali na kugawa vipande vya shamba kwa kura, ili rutuba ya udongo isidhaniwe kuwa ubora wa mbegu. Nne, kujiondoa mmea wake unapohukumiwa.

Sheria ya Mbegu ya Tanzania ya mwaka 2003 inafuata busara hiyo. Aina mpya ya mbegu hupimwa na Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), wala si mgunduzi peke yake. Huchunguzwa kama ni tofauti na nyingine, kama mimea yake inalingana, na kama sifa zake hudumu kizazi hadi kizazi.

Pareto hukaa shambani miaka kadhaa. Hukumu ya upendeleo ya siku moja humgharimu mkulima mavuno ya miaka hiyo yote.